HOTUBA YA MWENYEKITI SIKU YA KUTIMIZA MIAKA KUMI: AKIBA YETU NA MASHIMO YA CHINI YA NYUMBA



Wenzetu wawili tulioanza nao mwaka 2015 hawapo tena duniani, na tunaomba tuwakumbuke kwa kusimama kidogo. Ahsanteni, tukae.

Habari za kikundi, jinsi tulivyoanza chini ya mwembe na sanduku la kufuli tatu, na watunza funguo watatu ambao hawaruhusiwi kusafiri siku moja, zimeandikwa katika kurasa za mwanzo za kijitabu hiki. Katibu ameandika vizuri, hesabu zipo, mikopo ipo, na majina ya waliochelewa kurejesha ameyaficha kwa heshima. Hatutayarudia. Leo tumeona tutumie nafasi hii kusema jambo moja linalotugusa mifukoni, na ambalo tangu mwezi wa pili limetufanya tuvutane kwenye vikao mpaka wengine wakatoka bila kuaga. Ni jambo la fremu ya chini.

Kwa faida ya wageni tueleze. Mwaka jana mkutano mkuu uliamua kwamba faida ya mfuko isigawanywe yote, sehemu iwekwe tupate kitegauchumi cha kikundi. Zaidi ya nusu yetu tunafanya biashara Kariakoo. Tunauza vitenge, vyombo vya plastiki, nguo za watoto, na wengi wetu tunapanga chini, barabarani, jua letu na mvua yetu. Kwa hiyo tukasema, tutafute fremu moja au mbili, tuingie ndani, tuwe na stoo yetu wenyewe. Fremu za usawa wa barabara mnajua bei zake. Ukitaja kodi unaambiwa bado kilemba, na ukimaliza kilemba unaambiwa kodi ni ya mwaka mzima mkononi.

Akaja dalali mmoja na habari njema. Kuna fremu mbili, bei karibu nusu ya zile za juu, ziko chini. Chini wapi? Chini ya jengo, unashuka ngazi. Wateja wanashuka, alisema, siku hizi Kariakoo nzima inashuka. Na kweli, jamani, tusidanganyane, wateja wanashuka. Mitaa mingi sasa ukitembea unaona ngazi inaingia ardhini, na huko chini kuna maduka ya viatu, mabegi, simu, kila kitu.

Kamati ikaenda kuona. Ngazi ni moja, nyembamba, watu wawili wenye mizigo hawapishani. Chini kuna taa mchana kutwa. Ukuta wa upande wa nyuma umelowa, na mahali fulani kuna pampu inanguruma. Tulipouliza ya nini, tukaambiwa ni ya maji. Maji ya nini? Yanatoka yenyewe, mama. Saruji ilikuwa bado inanukia upya, lakini jengo la juu ni la zamani, tunalifahamu tangu tuko wasichana. Hapo mtunza hazina wetu, ambaye haongei sana, akauliza swali moja: "Hii chini ilikuwepo tangu jengo linajengwa, au imechimbwa baadaye?" Dalali akacheka, akasema, "Mama, nyinyi mnataka fremu au mnataka historia?"

Sisi tulitaka historia.

Ndugu mgeni rasmi, tarehe 16 Novemba 2024, siku ya Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa nne liliporomoka pale Kariakoo. Baadhi yetu siku ile tulikuwa sokoni na tuliliona vumbi. Wenye maduka walikuwa wamefungua, wateja wameingia, wapo waliokuja kufunga mizigo ya mikoani. Zaidi ya watu 80 waliokolewa wakiwa hai, na wapo waliokaa chini ya kifusi siku kadhaa wakipelekewa maji na hewa kwa mipira huku wanaongea na waokoaji. Wenzetu 31 hawakutoka. Hiyo ndiyo idadi iliyotajwa mahakamani, Novemba hiyo hiyo, katika mashtaka ya kuua bila kukusudia. Mambo ya mahakama tunayaachia mahakama. Lakini habari zilizotangazwa wakati ule, na ambazo kila mfanyabiashara wa pale alizisikia, zilisema chini ya jengo lile kulikuwa kunachimbwa ili kuongeza nafasi ya maduka. Rais Samia aliagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe, na Waziri Mkuu wa wakati ule, Mheshimiwa Majaliwa, akaunda timu ya watu 19.

Wakubwa mnakumbuka pia Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, tarehe 29 Machi, jengo refu lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi likaanguka, wakafa watu 36, na ndani yao wamo watoto waliokuwa wanacheza jirani. Lile lilikuwa habari ya kujengwa juu. Hili la 2024 likatufanya tutazame miguuni.

Sasa baadhi yetu waliona kamati inaogopa tu. Wakasema, mbona wenzetu wako huko chini miaka na wanauza, watoto wanasoma, wamejenga Chanika. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu anayekaa juani miaka kumi si wa kumwambia tu asubiri. Ndiyo maana hatukutaka kubishana kwa hofu. Tukamwomba mhandisi mmoja, ambaye ni mtoto wa mwanachama mwenzetu, aje kikaoni atueleze kwa Kiswahili cha kawaida.

Kijana yule alikuja na beseni. Akalijaza mchanga mbichi, akaushindilia kwa mkono, akasimamisha matofali manne juu yake, akaweka kibao, na juu ya kibao akapanga mifuko ya unga ya kilo mbili mbili. Ikakaa vizuri. Akasema, hilo ndilo jengo lenu. Halisimami kwa sababu ya kuta peke yake, linasimama kwa sababu mchanga ulio chini ya kila nguzo umebanwa na mchanga ulio pembeni yake. Halafu akachukua kijiko cha chai, akaanza kuchota mchanga katikati, mbali na matofali. Kikamwagika kidogo tu, hakuna kilichotokea. Akachota tena. Wengine wakasema, si unaona, halianguki. Akachota tena karibu na tofali moja, hakuligusa. Mchanga wa chini ya tofali ukateleza wenyewe kuingia kwenye shimo, tofali likainama, na unga wote ukaja chini. Bibi yetu mmoja aliyekuwa anasinzia aliruka kutoka kwenye kiti.

Akatueleza kwamba nguzo za jengo la kawaida huwekwa juu ya kitako cha zege chenye nondo, na kitako hicho hulala kwenye udongo. Msanifu na mhandisi walipopiga hesabu, walihesabu udongo ule ukiwa pale pale. Wewe ukija miaka ishirini baadaye ukatoa udongo wa pembeni, umeondoa kitu ambacho kilikuwa kinafanya kazi ingawa hakikuonekana. Hali kadhalika maji. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam ni mchanga, na sehemu nyingi za mjini hukuchimbi sana kabla ya kukuta maji. Ukiyavuta kwa pampu mchana na usiku, hayaji peke yake, yanakuja na chembe za mchanga kama pampu haikuwekwa kitaalamu. Kidogo kidogo panabaki uwazi. Na uwazi huo hauchagui, unaweza kuwa chini ya nyumba yako au chini ya nyumba ya jirani ambaye hata hajui kwamba kuna mtu anachimba.

Tukamuuliza, basi haifai kabisa kujenga chini? Akasema inafaa. Akatutolea mfano ambao wote tunaujua, Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kujengwa miaka ya 1970. Nani kati yetu hajashuka shimoni pale kununua viazi vya jumla? Soko lile liliungua Julai 2021, lakini shimoni lake liliishi miaka zaidi ya arobaini likikanyagwa na watu na magunia. Tofauti ni kwamba lilikuwamo kwenye mchoro tangu siku ya kwanza. Kwanza unachimba, unajenga kuta nzito za kuzuia udongo, unaziba maji, unaweka njia za kutokea zaidi ya moja, ndipo unapandisha nguzo. Kuanza na ghorofa nne juu, halafu ukakumbuka chini, ni kama kuvaa gauni kisha ukataka kuvaa gagulo juu ya miguu bila kulivua. Mfano huo wa gauni ni wetu sisi, mhandisi hahusiki.

Na hata jengo lililokwisha simama, alisema, linawezekana kuchimbiwa chini, lakini ni kazi ya kitaalamu na ya gharama. Unachimba kipande kifupi, kama hatua moja ya mtu mzima, unaweka zege chini ya msingi wa zamani, unasubiri likomae, ndipo unaruka uende kipande kingine cha mbali. Hufungui viwili vinavyofuatana. Na muda wote kuna mtu kazi yake ni kupima kama jengo limeshuka hata kwa unene wa sarafu. Vijana wanne wenye sururu na karai, usiku, mlango wa bati umefungwa ili watu wa jiji wasione, hao hawafanyi kazi hiyo. Hao wanachota kwa kijiko.

Jambo hili la kuchimba chini ya nyumba si la kwetu peke yetu. Mwenzetu mmoja binti yake anaishi London, mume wake ni fundi wa majengo. Huko wenye fedha nao wana hamu ya kuchimba. Nyumba zao zimebanana, kwenda juu hawaruhusiwi, basi wanashuka, wanaweka vyumba, mabwawa ya kuogelea, magari. Majirani wakachoka na kelele na nyufa. Halmashauri moja ya huko, ya Kensington na Chelsea, ikapitisha sharti Januari 2015: kwa kawaida usichimbe zaidi ya ghorofa moja kwenda chini, na usichukue zaidi ya nusu ya bustani. Na nchi yao ina sheria ya mwaka 1996 ya kuta za majirani. Ukitaka kuchimba chini kuliko msingi wa jirani, na uko ndani ya mita 3 kutoka kwenye jengo lake, na wakati mwingine hata mita 6, unampa taarifa kwa maandishi mwezi mmoja kabla. Asipokubali, wanawekwa wakaguzi. Wakaguzi wanaingia kwa jirani kabla ya sururu ya kwanza, wanaandika kila ufa uliopo na kupiga picha, ili baadaye asije mtu akasema ufa huu ulikuwepo zamani.

Hilo la kuandika nyufa tulilipenda sana. Halihitaji utajiri wa London. Linahitaji daftari na simu yenye kamera, na vyote hivyo tunavyo.

Na sheria zetu je? Zipo, akina mama, tena si changa. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inamkataza mtu kuendeleza kiwanja mjini bila ruhusa ya mamlaka ya mipango. Mamlaka hiyo ni halmashauri, na kwa Kariakoo ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, maana Ilala ndiyo iliyogeuzwa kuwa Jiji mwaka 2021. Kibali cha ujenzi kinatolewa kwa mchoro uliopelekwa. Kama mchoro una ghorofa tatu na hauna chini, basi kibali hicho ni cha ghorofa tatu, na hakigeuki kuwa cha kuchimba kwa sababu mwenye nyumba ameamua. Akitaka kuongeza, juu au chini, anarudi na mchoro mpya. Akitaka kugeuza nyumba ya kuishi kuwa maduka, nayo ni ruhusa nyingine. Makandarasi wana bodi yao na wahandisi wana bodi yao, zote kwa sheria za mwaka 1997, na eneo la kazi linatakiwa kuwa na bango linaloonyesha ni kazi gani, ya nani, mkandarasi nani, mhandisi nani. Ukiona bati limezungushwa, udongo unatoka usiku kwa kirikuu, na bango hakuna, hapo huhitaji kwenda chuo kikuu kujua.

Tatizo, na hapa mgeni rasmi utatusamehe, ni kwamba sheria inakaa ofisini na shimo linakaa mtaani. Mpangaji haoni mchoro. Anaona mlango, taa, na dalali anayemharakisha kwamba kuna mtu mwingine anakuja jioni na fedha taslimu. Mchuuzi analipa kodi ya mwaka mzima kwa ajili ya chumba ambacho kwenye karatasi za halmashauri huenda hakipo kabisa. Likitokea la kutokea, hata akipona, atamdai nani? Mkataba wake unasema "fremu namba fulani", na fremu yenyewe haijulikani.

Tusije tukadhani haya ni ya Kariakoo tu, huku tunakolala hayatuhusu. Kwenye mitaa yetu hakuna anayechimba duka chini ya nyumba, lakini mashimo tunachimba. Karo la maji machafu, shimo la choo, kisima, shimo la takataka. Viwanja vyetu ni vidogo, vingine havijapimwa, ukuta wako na wa jirani vinapishana kwa upana wa baiskeli. Mwenzetu mmoja hapa, nyumba yake ya vyumba vinne aliyoijenga kwa mikopo mitatu ya kikundi hiki hiki, jirani alichimba karo refu kuliko mtu akisimama, karibu kabisa na kona ya chumba cha watoto. Ilikuwa kabla ya masika. Mvua zikanyesha, shimo likiwa bado halijajengewa tofali. Ufa ukaanza kwenye pembe ya dirisha, ukapanda kwa mshazari mpaka kwenye linta. Mlango ukaanza kugoma kufunga. Jirani akasema ni tofali zako za mchanga mwingi.

Kesi ile ilisuluhishwa ofisi ya mtaa, na tunamshukuru Mwenyekiti wetu aliyekaa nayo jioni nne mfululizo. Karo lilijazwa, likahamishiwa mbele, na jirani akachangia saruji. Kilichosaidia ni kitu kimoja: mwenzetu alikuwa na picha za chumba kile, kimepakwa rangi, siku ya maulidi ya mjukuu wake. Ukuta hauna ufa hata mmoja. Bila picha ile ilikuwa neno lake na neno la jirani. (Na kuhusu kisima na choo, mabwana afya wanatushauri mita 30 kati yao. Tunajua kwenye viwanja vyetu mita 30 ni nyumba tatu. Ndiyo maana maji ya kisima tuyatumie kufulia na kudekia, ya kunywa tuchemshe.)

Turudi kwenye fremu. Kamati haikusema hapana. Kamati ilimwambia dalali kwamba kikundi kiko tayari kulipa, fedha zipo benki, lakini kabla ya kulipa tunaomba kuona karatasi tatu: kibali cha ujenzi chenye mchoro unaoonyesha sehemu ya chini, barua ya mhandisi aliyesajiliwa aliyesimamia uchimbaji, na mkataba unaotaja wazi kwamba fremu iko chini ya ardhi, ikiwa na sahihi ya mwenye jengo mwenyewe, siyo ya dalali. Tukaomba pia kujua njia ya pili ya kutokea ni ipi.

Zilipita wiki mbili. Dalali akarudi na nakala ya kibali, imefifia, imekunjwa mara nne. Tulimpa mhandisi wetu aisome. Ni kibali halali kwa macho yake, cha miaka mingi nyuma, cha jengo la ghorofa tatu. Jengo tulilolitembelea lina ghorofa nne, na chini. Ya chini haikutajwa mahali popote. Kuhusu mhandisi, tuliambiwa fundi yupo, ni mzoefu, amechimba nyingi. Kuhusu njia ya pili, tuliambiwa itatengenezwa wapangaji wakishajaa.

Kamati ikafunga faili. Fedha hazikutoka. Tunajua wapo wanachama, nao wapo hapa wanatutazama kwa jicho la pembeni, wanaosema tumepoteza bahati na fremu zile sasa zina watu. Ni kweli zina watu. Tulipita juzi, tukashuka, tukawasalimu. Wawili ni akina mama kama sisi, mmoja ana mtoto wa miezi minane amelala kwenye boksi la viatu chini ya meza. Tuliwaeleza tulichokiona kwenye kibali. Mmoja alisema atamuuliza mwenye jengo. Mwingine alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: "Nimeshalipa mwaka, dada zangu, sasa nifanyeje?"

Kwa ajili ya mama yule, kamati iliandika barua kwa halmashauri kupitia ofisi ya kata, tukaeleza jengo, tukaambatanisha nakala ile ya kibali, tukaomba jengo likaguliwe na wapangaji wa chini wasipoteze kodi yao. Nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa anayo Katibu. Wengine waliona tunajitafutia uadui na mwenye jengo. Sisi tuliona kwamba kama ingekuwa mmoja wetu amekaa kule chini na mtoto kwenye boksi, tungependa mtu mwingine aandike.

Ndugu mgeni rasmi, tuna maombi kwako, na tunakuomba usiyachukulie kama lawama. La kwanza, hapa mtaani pawekwe daftari ofisini kwa Mtendaji, ambamo kila kibali cha ujenzi kilichotolewa ndani ya mtaa kinaandikwa: kiwanja gani, ghorofa ngapi, chini ipo au haipo. Mpangaji yeyote aweze kuja kulifungua bila kuulizwa wewe ni nani. La pili, wakaguzi wa majengo ni wachache na mitaa ni mingi, hilo tunalijua, basi wajumbe wa mashina wafundishwe kutambua dalili, kwa sababu wao ndio wanaolala jirani na mashimo: udongo mwingi unaotoka bila bango, pampu isiyonyamaza, nyufa za mshazari kwenye pembe za madirisha, milango inayogoma ghafla, barabara inayobonyea mbele ya jengo. La tatu, na hili ni gumu zaidi, mtu anayetoa taarifa asitajwe jina kwa mwenye jengo. Mama mpangaji hatasema kitu kama kesho yake atakuta kufuli jipya kwenye fremu yake.

Kwa upande wetu, kikundi kimeongeza kifungu katika masharti ya mikopo. Mwanachama anayekopa kwa ajili ya kulipia fremu, au chumba cha biashara, ataleta nakala ya kibali cha jengo pamoja na mkataba, na kamati itakwenda kuona kabla fedha hazijatoka. Anayekopa kujenga nyumba au kuchimba karo ataleta maandishi ya makubaliano na jirani, yaliyoshuhudiwa na mjumbe wa shina, na picha za kuta za jirani za upande ule. Picha zitahifadhiwa kwa Katibu. Wapo waliolalamika kwamba tunageuka kuwa ofisi ya ardhi. Lakini mkopo wa mwenzako ni hisa zako, na nyumba ikianguka marejesho nayo yanaanguka.

Sasa la mwisho, kwa wanachama tu, wageni mnaweza kuendelea na soda. Kamati imepata fremu nyingine, ya usawa wa barabara, ndogo, mtaa wa pembeni kidogo ambako wateja si wengi kama kule. Ni moja tu, siyo mbili. Kodi yake ni ya juu kuliko zile za chini na kilemba kipo, tumekipunguza lakini kipo. Kibali tumekiona, mchoro tumeuona, ghorofa zilizopo ndizo zilizoandikwa, na hakuna chini. Mhandisi wetu amekwenda nayo hatua kwa hatua. Kama tutaichukua, itabidi gawio la mwaka huu liwe dogo, na wapo wenye ada za shule za Januari ambao wanalitegemea. Kwa hiyo hatutaamua sisi kamati. Mkutano ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, pale pale shuleni. Kila mwanachama aje na kitabu chake. Kura itakuwa ya siri, kwa karatasi, na kibali na mchoro vitakuwa mezani kuanzia saa saba kwa anayetaka kuvisoma mwenyewe kabla ya kupiga kura. Asiyesoma vizuri asione haya, mhandisi atakuwepo, safari hii bila beseni.

Pilau iko tayari. Wazee na watoto waanze.